Zamu ya Ngurumo Kusema

Kiwanda kizima kilimwita Ngurumo, na kama ungemsikia akiuliza bei ya nyanya ungejua kwa nini. Akikusalimia wewe, nyumba ya tatu wanaitikia. Akimnong'oneza mumewe jambo la ndani, majirani wanaongeza sauti ya redio kwa heshima. Hakuwa mgomvi. Haya, alikuwa mgomvi kidogo, lakini siyo hilo lililompa jina. Masikio yake yalikuwa yamekufa, moja limekufa kabisa na la pili liko mahututi, na mtu asiyejisikia hana namna ya kujua anapiga kelele kiasi gani.

Masikio hayo aliyaacha kwenye ukumbi wa kufuma. Mashine za kufuma zimesimama mle safu kwa safu, na zikiwaka zote kelele haziingii masikioni tu, zinapanda kutoka sakafuni kupitia nyayo hadi kwenye meno. Hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa hiyo wafumaji wanasema kwa midomo. Maneno ni yale yale ya kila siku, ila sauti hawaitoi; wanaliumba neno zima mdomoni, taratibu, na mkono unasaidia pale mdomo unapokwama. Mfumaji mzoefu anaweza kumsengenya mtu kuanzia safu ya kwanza, na habari ikafika safu ya mwisho kabla mwenyewe hajageuka. Ngurumo alikuwa bingwa wa kusema hivyo na bingwa wa kusoma midomo ya wengine. Tangu apoteze masikio ndiyo kwanza alizidi kuwa hodari.

Sasa shika hili, maana ndilo lenye uzito. Ndani ya ukumbi ule Ngurumo hakuwa kiziwi. Mle ndani wote walikuwa viziwi, na yeye alikuwa mbele yao. Aligeuka kiziwi akitoka getini, kwenye ulimwengu ambao watu wanakusemesha wamekupa kisogo, au wamejaza mkate mdomoni, au wameficha midomo kwa simu. Basi mtu wa kumtoa mle asingekuwa anamhamisha kazi. Angekuwa anamnyang'anya watu wake wote kwa mpigo mmoja.

Na mtu huyo akaja. Alikuwa afisa usalama mpya, binti mwenye adabu zake, anayeamkia wakubwa na kuwaita wafumaji wote "mama". Akaleta wapimaji wa masikio, kila mfanyakazi akapimwa. Majibu ya Ngurumo yalipotoka, yule binti alisikitika kweli, lakini sheria ni sheria: mwenye masikio ya namna hiyo asikae kwenye mashine, apelekwe chumba cha kukunja vitambaa. Chumba hicho kiko ng'ambo ya uwanja. Kimya. Wanawake wa mle wanakaa wameinamia majora ya nguo kutwa, wanazungumza huku macho yao yako mapajani. Ngurumo alikwenda kuchungulia mlangoni siku moja. Aliona vilemba. Mdomo hakuuona hata mmoja.

Alirudi kwenye mashine yake, na uzi ukamkatikia mara mbili kabla hajatulia.

Kiwandani pale kulikuwa na desturi ya Ijumaa. Asubuhi kabla mashine hazijawashwa, mfanyakazi mmoja anasimama mbele ya wenzake na kutoa neno fupi la usalama: leo ngazi, wiki ijayo moto, wiki nyingine nyaya za umeme. Ilikwenda kwa zamu, na zamu ya Ngurumo ilikuwa ikirukwa kila inapofika. "Tumwache mama apumzike," walisema, yaani atatupasua ngoma za masikio na bado hatasikia swali. Basi alishangaa msimamizi wa zamu alipomjia katikati ya kazi na karatasi mkononi.

Msimamizi huyo wao walimwita Mluzi, kwa sababu akiwa na jambo zito hupiga mluzi, na kwa kuwa mle ndani hausikiki, unaona midomo tu imechongoka. Alianza kazi mwaka mmoja na Ngurumo, mashine zao zikiwa jirani, kabla hajapanda cheo.

"Dada, Ijumaa ni zamu yako," alisema kwa midomo.

"Za kuniruka zimeisha?"

"Acha utani. Mada ni vizibo vya masikio. Afisa ameshakuandikia, wewe kazi yako kusoma. Ukisoma vizuri atakuombea kule juu ubaki hapa hapa kwenye mashine, uwe mfano kwa wenzako."

"Mfano wa nini?"

Mluzi akachongoa midomo, akaondoka. Ngurumo akaisoma karatasi akiwa amesimama. Ilikuwa imeandikwa vizuri, haina neno gumu. Salamu, faida za vizibo, namna ya kuvivaa. Halafu katikati: *Mimi ni ushahidi hai. Kwa miaka mingi nilipuuza kuvaa vizibo vya masikio, na leo ninavuna nilichopanda.*

Tusimwonee yule binti. Alipoajiriwa alilikuta sanduku la vizibo ukutani karibu na mlango, la kijani, zuri, akadhani limezaliwa na ukuta. Hakuna aliyemwambia kwamba lilitundikwa juzi juzi tu. Lakini Mluzi alijua, na alileta karatasi.

Jioni Ngurumo alifanya mazoezi nyumbani. Mumewe, fundi viatu, alikuwa mlangoni na soli ya mtu magotini. Kitinda mimba wao, msichana wa sekondari mwenye subira kupita umri wake, alishika karatasi na kumsikiliza mama yake. Ngurumo akakohoa, akaanza. Alipofika kwenye "nilipuuza" ukuta wa jirani ukagongwa.

"Pole, jirani!" sauti ikapita ukutani. "Aliyekupuuza ni nani tena?"

Msichana akacheka mpaka akaketi sakafuni. Mama mtu akataka kujua kinachochekesha, akaambiwa, akacheka yeye kuliko wote, na jirani naye huko aliko akacheka bila kujua anacheka nini.

"Mama, lazima upunguze," msichana alisema, akihakikisha mdomo wake unaonekana. "Lete mkono." Akauchukua mkono wa mama yake, akaulaza kooni pa mama mwenyewe. "Sema. Unasikia inavyotikisika? Hiyo ni ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Teremsha. Bado. Bado. Hapo. Ikitekenya kiganja kidogo tu, ndiyo sauti ya watu."

Ilikuwa ajabu kwa Ngurumo kuikuta sauti yake kwenye kiganja. Akasoma tena kutoka mwanzo, mkono kooni, taratibu, na mumewe akaacha kushona akageuka kumtazama, maana sauti hiyo hakuwa ameisikia tangu kitinda mimba akiwa mchanga. Akafika kwenye ile sentensi. Kiganja hakikuhisi kitu. Alikuwa amefungua mdomo na hakuna kilichotoka.

Akarudia. Ikakwama pale pale.

"Mama," msichana akauliza, "kwani ulipuuza kweli?"

Ngurumo akaketi. Akaeleza kile ambacho hakuwahi kumweleza mtoto, kwa sababu kilikuwa cha aibu na mtu haonyeshi aibu yake kwa watoto. Enzi zile vizibo havikuwepo. Hata neno lenyewe halikuwepo. Wafumaji waliokota mabaki ya pamba sakafuni, wakayaviringisha, wakayatia masikioni chini ya vilemba, na yalisaidia. Mkubwa wa ukumbi wa wakati huo, mtu aliyekwisha kufa, hakupenda. Alisema, nikiwaita hamgeuki. Alipita safu kwa safu akikagua masikio ya watu wazima kama anakagua kucha za watoto wa shule. Ngurumo aliitoa pamba yake, kesho yake akaitia tena. Yule mkubwa akaichomoa kwa vidole vyake mwenyewe, mbele ya wote, akaidondosha sakafuni, akamwambia nikiikuta tena utaifuata nje ya geti. Kwenye mashine ya jirani Mluzi, kijana wa watu, aliitoa ya kwake upesi kabla hajafikiwa.

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Kaka yako alikuwa tumboni. Nikaacha kutia."

"Kwa hiyo hukupuuza," msichana alisema. "Ulitii."

Ngurumo alilitazama lile neno mdomoni mwa mwanawe. Hasira iliyompanda haikuwa ya yule marehemu. Ilikuwa hasira kwamba miaka yote hiyo hakuwa na neno la kuliita jambo lile, mpaka mtoto amempa.

Mumewe alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani wana ushauri wao. "Mama watoto, isome tu. Neno moja halimtoi mtu damu. Utabaki kwenye mashine yako, si ndicho unachotaka? Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"La mkuu nililisikia," akajibu Ngurumo, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Ndiyo maana wewe sikusikii."

Ukuta wa jirani haukugongwa.

Tusimfanye shujaa wa bure. Aliogopa. Wiki nzima alikisoma kile kipande kila jioni, mkono kooni, akiwa na nia ya kukisoma Ijumaa kama kilivyo, maana kile chumba cha vilemba kilikuwa kinamjia hata akiwa anaosha vyombo. Alhamisi alifaulu. Sentensi ilitoka nzima, ndogo, safi, ikatekenya kiganja. Msichana akasema, "Vizuri, mama," na hakumwangalia usoni. Hapo ndipo Ngurumo alipojua kwamba amefaulu jambo baya.

Ijumaa wafumaji walijipanga mbele ya mashine zilizozimwa. Wakubwa wawili walishuka kutoka ofisi ya vioo iliyo juu ya ngazi, ambayo mtu akiwa ndani yake anauona ukumbi wote. Afisa usalama alisimama kando na uso wa kumtakia mtu heri. Mluzi alisimama nyuma yake, akitazama viatu. Kipini, msichana mpya wa mashine ya jirani, aliyeitwa hivyo kwa kipini chake cha puani, alikuwa tayari ameziba masikio kwa vidole kwa utani, na wenzake wanamchekea.

Ngurumo akaweka mkono kooni. "Habari za asubuhi, wenzangu," akasema.

Vidole vya Kipini vikashuka vyenyewe. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa nzito kidogo, tulivu, ya mama wa mtu.

Akawaonyesha kizibo, kile cha sponji laini. Akawaambia wengi wanakichomeka juu juu kama kifuniko cha chupa, ndiyo maana kinadondoka wanakilaumu. Akakiviringisha kati ya vidole mpaka kikawa chembamba kama njiti. Akapitisha mkono wa pili juu ya kichwa, akalivuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, akakisukuma ndani, akakishikilia kwa kidole. "Usikiachie mara moja. Kinavimba taratibu. Kishikilie mpaka uone dunia imeenda mbali." Akamwita Kipini mbele, akamvalisha yeye vingine masikio yote mawili, na Kipini akasema, "Kweli imeenda mbali," kwa sauti kubwa mno, na ukumbi mzima ukacheka, maana sasa waliona jinsi mtu anavyokuwa Ngurumo. Akawaambia mikono iwe safi. Akawaambia kizibo kikiwa kigumu au cheusi kitupwe, si cha kurithishana. Alieleza vizuri, na aliona kwamba anaeleza vizuri, na hilo nalo lilimtia nguvu.

Kisha akafika pale. Afisa akaitikia kwa kichwa kumtia moyo. Ngurumo akaitazama sentensi, halafu akautazama mstari wa wenzake, halafu akauondoa mkono kooni.

"HAPA PAMEANDIKWA NILIPUUZA."

Njiwa wakaruka kutoka kwenye mihimili ya paa. Mmoja wa wale wakubwa akarudi nyuma.

"Sikupuuza. Vizibo havikuwepo. Nilitia pamba, nikaambiwa toa, nikatoa. Nikatia tena, ikachomolewa sikioni mwangu kama mimi ni mtoto aliyeiba sukari. Mimi la mkuu nililisikia, na ndilo la mwisho nililolisikia vizuri. Kama ni kuandika, andikeni nilitii."

Afisa alikuwa amepiga hatua mbele, midomo inakwenda mbio. Ngurumo aliyasoma maneno yake yote: mama, tafadhali, siyo sasa, karatasi.

"Sikusikii, mwanangu," akasema. "Nimalize, nimebakiza kidogo."

Akawageukia wenzake. Hakumtazama Mluzi, na Mluzi alijua kwa nini hatazamwi.

"Lile sanduku pale mlangoni, kila asubuhi fungueni muone. Likiwa tupu, mashine isiwashwe. Akija mtu akawaambia washeni tu, vitakuja kesho, msiwashe. Mimi nilitii. Ninyi msitii. Ahsanteni, neno langu la usalama limeishia hapo."

Hakuna aliyepiga makofi. Kipini akaenda kwenye sanduku, akachukua vizibo, akaviringisha kimoja mpaka kikawa njiti, akalivuta sikio juu na nyuma. Wengine wakamfuata, foleni ikafika katikati ya ukumbi. Kazi siku ile ilichelewa kuanza, na kule juu kwenye vioo watu waliangalia saa zao.

Jumatatu Mluzi alishuka ngazi na midomo imechongoka. Mashine zote zilikuwa zinapiga. Alikuja mpaka mbele ya Ngurumo, akasimama kwenye mwanga, na kwa haki ya Mungu alisema wazi kama anavyojua mfumaji wa zamani kusema, kila neno limeumbwa mpaka mwisho.

"Ofisini wamesema uhamie kukunja. Leo."

Ngurumo alimtazama mdomoni tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Chumba cha vilemba kilikuwa kimefika. Kisha akajibu, kwa midomo, bila sauti.

"Sikusikii."

Mluzi akarudia. Safari hii akasaidia kwa mikono, akakunja kitambaa kisichokuwepo, akaonyesha ng'ambo ya uwanja.

"Sikusikii," akasema Ngurumo, akaunga uzi uliokatika, akaiwasha tena mashine.

Mluzi akamgeukia Kipini. "Mwambie wewe."

Kipini, aliyekuwa ameisoma midomo ya wote wawili tangu mwanzo, na hakuna kizibo duniani kinachoziba macho, akagusa sikio lake lenye sponji, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Mwanamke wa mbele yake akagusa lake. Na wa mbele yake. Safu nzima ikagusa masikio, kisha safu ya pili, wote wakimtazama Mluzi kwa nyuso za watu ambao wangependa sana kusaidia.

Mluzi akainamisha uso. Alikuwa anaangalia sakafu, upande wa mashine yake ya zamani, mahali ambapo pamba ya mtu iliwahi kudondoshwa. Alipoinua uso alikuwa mwekundu wa macho, na Ngurumo, ambaye alikuwa amejiapiza kutomtazama, alimtazama.

Akapanda ngazi. Afisa alikuwa ametoka nje ya vioo, ameshika reli kwa mikono miwili, akamwinamia sikioni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Hakusikia."

"Mwambie tena, kaka. Mimi mwenyewe sipendi, lakini wananiuliza mimi."

"Nitamwambia," alisema Mluzi, akashuka. Alipofika chini hakwenda kwenye mashine ya Ngurumo. Alikwenda mlangoni kwenye sanduku la kijani, akachukua vizibo, yeye ambaye tangu apande cheo hakuwahi kuvaa. Akaviringisha kimoja taratibu mpaka kikawa njiti, akalivuta sikio juu na nyuma, akakishikilia. Kisha la pili.

Afisa akamwita kutoka juu ya ngazi. Akamwita tena.

Hakugeuka.